Silinda Hedi ya Gari la Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Macho alikuwa na kazi mbili: kumwamsha mdogo wake, ambaye alilala kama gogo, na kufungua geti ili pikapu ya mama itoke. Mama yake alikuwa dereva. Alichukua unga kinuni na kuusambaza kwenye maduka ya mlimani, na unga huo ndio uliowalisha, ukawavisha na kuwapeleka shule. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu. Mlango mmoja ulifunguka kwa kubembelezwa, na honi ililia kama mbuzi mwenye mafua. Lakini ilikuwa mali ya marehemu baba yao, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuicheka.

Jina la Macho alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu utotoni hapakuwa na kitu kilichompita. Kijiko kikipotea, yeye ndiye aliyejua kilipo. Jirani akibadilisha pazia, yeye alikuwa wa kwanza kuona. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na macho yale yalikuwa yamepata kazi mpya: kumchunga mume wa mama yake.

Mume huyo alikuwa fundi wa magari, na watu wote walimwita Fundi. Alikuwa amemwoa mama mwaka uliopita, akahamia na vifaa vyake na kufungua gereji ndogo nyuma ya nyumba. Hakuwahi kumfokea Macho wala kumnyima kitu. Hilo lenyewe lilimtia Macho wasiwasi. Mtu gani hakasiriki? Kwa nini anafunga sanduku lake la spana kwa kufuli? Kwa nini, kila akiulizwa swali, hunyamaza kwanza kana kwamba anachagua jibu la kukupa?

"Huyo mtu ana jambo," Macho alimwambia mdogo wake.

"Jambo gani?"

"Bado sijalijua."

Jumamosi moja Macho alimsindikiza mama kupeleka unga. Walipofika katikati ya mlima, injini ilianza kugonga, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Mama aliegesha gari pembeni, akasubiri lipoe. Walipojaribu tena, moshi mweupe ulitoka nyuma kama wingu. Lori lililokuwa likishuka liliwafunga kamba na kuwakokota hadi nyumbani, unga ukiwa bado umejaa nyuma.

Fundi alifungua boneti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akamwonyesha mama. Oili ilikuwa imegeuka rangi, kama chai iliyotiwa maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili," alisema. "Lazima niinue silinda hedi."

Macho aliijua silinda hedi. Baba yake aliwahi kumwonyesha: ndicho kifuniko kizito cha juu ya injini, pale petroli inapowaka, na humo ndimo zilimo valvu zinazopitisha hewa na moshi, na plagi zinazowasha petroli. "Hii ni chuma kitupu," baba alimwambia siku ile, akiigonga kwa kidole. "Hii itanizika." Na kweli baba alitangulia, ikabaki.

Alisimama dirishani mwa jikoni akatazama. Fundi alifungua bolti moja baada ya nyingine. Kisha akamwita mzee wa mkokoteni, aliyejulikana mtaani kwa jina la Breki kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nazo. Wote wawili waliinua kitu cheusi, kizito, wakihema. Wakakifunga kwa gunia na kukilaza kwenye mkokoteni.

Breki alikuwa akibeba mizigo ya kila aina, lakini mara nyingi alibeba vyuma chakavu na kuvipeleka kwa wanunuzi. Kila mtoto mtaani alijua hivyo. Macho akatoka mbio.

"Fundi, inapelekwa wapi?"

Fundi alinyamaza kidogo. "Inakwenda kutazamwa."

"Na nani?"

"Na mtu anayejua kutazama." Akaokota spana yake, akarudi kwenye injini.

Macho aliufuata mkokoteni kwa macho. Silinda hedi ina daktari? Mkokoteni ulikata kona, ukapotea.

Siku chache baadaye, aliporudi shuleni, alimkuta Fundi akitoka barabarani na silinda hedi nyingine. Hii ilikuwa nyeupe, inang'aa kama fedha. Na Fundi alikuwa ameiweka begani peke yake, anapiga mluzi.

Ile ya baba ilibebwa na watu wawili wakihema. Hii inabebwa na mmoja anapiga mluzi.

Macho alisubiri Fundi aingie ndani kula, akachukua sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio, akanyemelea gereji. Aliigusisha sumaku kwenye sehemu ya chini ya injini. Ikanasa kwa nguvu, akaivuta kwa taabu. Kisha akaigusisha kwenye silinda hedi mpya. Ikateleza na kuanguka. Akajaribu upande mwingine, ikaanguka tena.

Hii haikuwa chuma. Ilikuwa aluminiamu.

"Ameuza kichwa cha injini ya baba," alimwambia mdogo wake kwa kunong'ona, "akatuwekea sufuria."

"Gari litapika wali?"

"Nyamaza. Sifanyi mzaha."

Jioni hiyo, alipokuwa akiosha vyombo, alisikia sauti kutoka sebuleni. Fundi alikuwa akisema taratibu, "Usimwambie Macho kwanza. Ngoja nipate uhakika." Na mama akajibu, "Ni kweli. Akijua sasa, atalia bure."

Sahani ilimponyoka Macho ikarudi kwenye maji. Kumbe na mama yumo. Wanamficha. Alikosa hamu ya chakula, akalala akiwa amegeukia ukuta.

Kesho yake baada ya masomo hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake. Baba Mkubwa aliendesha malori maisha yake yote, na sasa alikuwa amestaafu, anafuga kuku na kugombana nao. Alikuwa mtu wa haki, lakini hasira zake zilikuwa karibu kama kiberiti. Tangu mwanzo hakumpenda sana Fundi.

Macho alimsimulia yote: moshi, gunia, mkokoteni, sumaku. Baba Mkubwa alisikiliza huku sharubu zikimcheza.

"Aluminiamu," alisema. "Katika injini ya mdogo wangu. Sasa niambie vizuri, mwanangu. Ulimwona kwa macho yako akiuza ile ya chuma?"

Alichokiona Macho ni gunia juu ya mkokoteni. Lakini akijibu hivyo, Baba Mkubwa huenda angesema arudi nyumbani akaulize. Na yeye alikuwa na hakika. Kama una hakika, kuna tofauti gani?

"Nilimwona," alisema. "Alimuuzia Breki. Nilimwona Breki akimlipa."

Baba Mkubwa alisimama. "Basi Jumamosi nitakuja. Gari hilo nitalichukua lije likae hapa kwangu, mpaka mali ya ndugu yangu irudi. Na huyo Breki atajieleza kituoni."

Macho alirudi nyumbani polepole. Alitegemea kujisikia mwepesi, lakini swali moja lilimfuata njiani. Gari likichukuliwa, mama atasambaza unga kwa gari gani? Hilo hakuwa amelifikiria. Alijaribu kulifukuza wazo hilo, likawa linarudi. Siku zilizobaki alizidi kumchunguza Fundi, akitafuta uovu ambao ungemtuliza. Alimwona akifunga silinda hedi mpya, akikaza bolti kidogokidogo, akianzia katikati kwenda nje, kisha akirudia tena zote. Hakuona kibaya, na hilo likamsumbua zaidi.

Jumamosi asubuhi Baba Mkubwa alifika amevaa koti. Alipovaa koti, watu walijua kuna shughuli.

"Shemeji," alimwambia mama bila kukaa, "nimekuja kuchukua funguo za gari."

Mama alishangaa. "Kulikoni, shemeji? Karibu kwanza uketi."

"Siketi. Muulize mumeo silinda hedi ya ndugu yangu iko wapi."

Fundi alitoka gereji akijifuta mikono kwa tambara. Kabla hajajibu, mkokoteni ulisikika ukipiga kelele barabarani, na Breki akapita na mzigo wa mbao. Baba Mkubwa akamwita kwa sauti. Mzee wa watu akaegesha, akavua kofia, akaingia uani.

"Wewe ndiye uliyenunua chuma cha gari hili?"

"Mimi?" Breki aliwatazama mmoja mmoja. "Mimi nilibeba tu, mkubwa. Niliambiwa nipeleke, nikapeleka."

"Usinichezee. Uliuziwa, na aliyekuona yupo hapa." Baba Mkubwa akamnyooshea Macho mkono. "Twende kituoni ukaeleze huko."

Breki alimgeukia Macho. Hakuonyesha hasira. Alionekana kama mtu aliyeamshwa na kukuta hajui alipo.

"Mjukuu wangu," alisema, "uliniona mimi nikinunua? Nina mkokoteni na jina langu, sina kingine. Watu wakisema mimi hununua vitu vya wizi, nani atanipa tena mzigo?"

Mama alimtazama Macho. Fundi alimtazama Macho. Mdogo wake alikuwa amejificha nyuma ya pipa, na yeye pia alimtazama. Macho alijua kwamba neno moja tu lilihitajika. "Ndiyo," na wangeondoka na mzee huyu. Na bado aliamini kwamba Fundi ameiuza ile hedi. Lakini Breki kumlipa Fundi, hilo hakuliona. Alilitunga yeye mwenyewe.

"Sikuona," alisema.

"Unasemaje?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Sikuona akinunua, Baba Mkubwa. Niliona gunia kwenye mkokoteni, nikadhani. Yale ya kulipa niliyaongeza mwenyewe." Machozi yakamtoka. "Lakini hedi haipo, na hii mpya ni aluminiamu. Hayo ni kweli. Na nilisikia mama na Fundi wakisema nisiambiwe."

Koti la Baba Mkubwa lilionekana kumpwaya ghafla.

Fundi aliweka tambara chini. "Njooni wote," alisema. "Si mbali."

Waliongozana hadi karakana ya kuchonga vyuma iliyokuwa nyuma ya soko. Mchongaji, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwapokea bila kuuliza maswali. Juu ya meza yake, imesafishwa hadi ikapendeza, ilikuwa silinda hedi ya baba.

Macho aliisogelea na kuigusa. Ilikuwa baridi na nzito, kama alivyoikumbuka.

"Mbona ni nzima?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Hata mimi niliomba iwe nzima," alisema Fundi. Akaomba mafuta ya taa na kipande cha chaki. Aliipaka silinda hedi mafuta upande wa chini, akaacha yazame, akapangusa mpaka pakakauka kabisa. Kisha akaisaga chaki kwenye kiganja na kuupuliza unga wake juu. "Macho, wewe una macho makali. Tazama hapa katikati ya haya matundu ya valvu."

Macho aliinama. Mwanzoni aliona weupe wa chaki tu. Halafu, taratibu, mstari mweusi mwembamba kama unywele ulianza kujichora. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yalikuwa yakipanda kupitia ufa. Mstari ulitoka tundu moja la valvu mpaka jingine.

"Ni ufa," alisema.

"Ndiyo. Maji yalipita hapo. Nilimwomba mama huyu aangalie kama unaweza kuzibwa. Injini ilikuwa ya baba yako, sikutaka kukwambia imekufa wakati bado nina matumaini. Ndiyo maana nilisema usiambiwe kwanza, na kwa kuwa kazi ya mama yako haikuweza kungoja, nikafunga nyingine."

Mchongaji alitikisa kichwa. "Nimejaribu kuufuata, unaingia ndani sana. Nikichomelea, utapasuka pembeni yake. Jana jioni nilitaka kuja kumwambia Fundi, lakini kazi zilinibana."

Baba Mkubwa alikuwa bado hajaridhika. "Sawa, imepasuka. Lakini chuma ni chuma. Mimi nimeendesha malori yenye hedi za chuma, tukayatesa jua na mvua, yakatuvumilia. Hiyo sufuria mliyoweka itafika wapi?"

"Unasema kweli kuhusu chuma," Fundi alijibu. "Chuma kinavumilia mateso. Gari likichemka mara moja, aluminiamu inaweza kupinda, na chuma kikabaki kimenyooka. Hata uzi wa plagi, yaani ile michirizi inayoishika tunduni, kwenye aluminiamu ukikaza kwa pupa unaukata. Lakini chuma hushikilia joto. Kwenye mlima, na mzigo wa unga, joto linarundikana pale petroli inapowaka. Petroli inawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, nguvu inapotea. Macho, mliisikia ile sauti kama ya misumari?"

"Niliisikia," alisema Macho.

"Aluminiamu hupitisha joto upesi kwenda kwenye maji, na maji yakalipeleka kwenye rejeta, yanakopozwa na upepo. Injini hizi zilitengenezwa za aina zote mbili, za zamani kwa chuma na za baadaye kwa aluminiamu. Hii nimeitoa kwenye gari lililogongwa nyuma, injini yake ikabaki nzima. Haipati nguvu kwa sababu inang'aa. Inapata nguvu ikiwa maji yapo na bolti zimekazwa sawasawa. Ukisahau maji, itakuharibikia haraka kuliko ile ya chuma."

"Maneno ni matamu," alisema Baba Mkubwa. "Mimi naamini mlima."

Basi wakarudi nyumbani, wakapakia unga uleule uliokuwa umekwama, na Baba Mkubwa mwenyewe akashika usukani. Mama na Macho walikaa pembeni yake, Fundi akakaa nyuma juu ya magunia. Macho aliukodolea macho mshale wa joto. Alikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja: hofu kwamba utapanda, na hofu kwamba hautapanda na itambidi akubali alikosea kabisa.

Walipita pale walipokwama. Baba Mkubwa alikanyaga mafuta makusudi. Injini ikavuta, haikugonga. Mshale ulisogea kidogo, ukatulia katikati, ukabaki hapo mpaka juu kabisa. Baba Mkubwa alizima gari mbele ya duka la kwanza, akashuka, akazunguka boneti kama anayetafuta mtu wa kugombana naye. Hakumpata.

"Linavuta," alisema hatimaye. Kisha akamgeukia Fundi, akampa mkono. "Nilikuja na koti, Fundi. Nimekukosea. Nilipaswa kukuuliza wewe kabla ya kudai funguo."

"Yamekwisha, kaka," alisema Fundi. "Na mimi ningesema mapema ninachofanya, haya yasingetokea. Kunyamaza kwangu kumemlisha mtoto wasiwasi."

Waliporudi, Macho hakungoja kuambiwa. Alikwenda kumtafuta Breki, akamkuta ameketi kando ya mkokoteni wake sokoni. Mama alimfuata kwa nyuma, akasimama mbali kidogo.

"Babu, nilikusingizia," Macho alisema. "Naomba unisamehe. Leo mbele ya Baba Mkubwa umesafishwa, lakini kuna wenzangu shuleni niliowaambia pia. Jumatatu nitawaambia wote kwamba nilidanganya."

Breki alimtazama. "Utachekwa."

"Najua."

"Basi nimekusamehe," alisema mzee. "Na usiache kuyatumia macho yako. Ila mdomo uwe unayasubiri."

Njiani kurudi, mama alimshika mkono.

"Kutilia shaka si kosa, mwanangu," alisema. "Ile sumaku yako ilikuwa kazi nzuri, na ulichokigundua kilikuwa kweli. Kosa lilianza pale ulipochukua unachokidhania ukakiuza kwa watu kama ulichokiona. Ukiona gunia, sema gunia. Ukitaka kujua kilichomo, uliza, tena uliza mpaka ujibiwe. Leo ulikuwa karibu kumvunjia mzee heshima yake na kutunyang'anya riziki, kwa maneno machache tu. Lakini pia ulisema kweli wakati ilipokuwa ngumu kuisema, na hilo nimeliona."

Macho aliitikia kwa kichwa. Jumatatu alitimiza ahadi yake darasani, na kweli alichekwa, tena sana. Jumanne alfajiri alimkuta Fundi amesimama mbele ya pikapu na kopo la maji mkononi.

"Hii hedi haimsamehi anayesahau," alimwambia, akimpa kopo. "Nahitaji mtu wa kukagua maji kila asubuhi injini ikiwa baridi, na kunieleza anachokiona. Anachokiona tu."

Macho alifungua kifuniko cha rejeta, akachungulia.

"Yamepungua kidogo," alisema. "Sijui kwa nini. Tuangalie pamoja?"

Fundi akaweka chini spana yake, akainama karibu naye.